Ramani ya mfuko mdogo: namna kartie zetu zilivyopata kuandikwa

Tarehe 27 mwezi wa tano 2021, siku tano baada ya volkano Nyiragongo kumwaga moto, wakaaji wa Goma walisikia kwa radio majina ya kartie 10 ambazo watu wake walipashwa kuondoka mara moja. Mji una kartie 18. Ilitajwa Majengo, ikatajwa Virunga, Bujovu, Murara, Mapendo, Kahembe na nyingine. Tangazo lilikuwa la majina tu. Aliyekaa katikati ya kartie alijua hali yake. Aliyekaa mpakani, pale ambapo upande huu wa avenyu ni kartie moja na upande ule ni nyingine, alibaki kuuliza jirani. Wengi hawakungoja jibu. Barabara ya Sake ikajaa, mpaka wa Gisenyi ukajaa, mashua za ziwani zikajaa.

Swali la yule wa mpakani, "mimi niko ndani au niko nje?", ni swali la ramani. Na wakati ule ramani ya Goma ilikuwapo tayari, avenyu kwa avenyu, mtu yeyote mwenye telefone aliweza kuifungua bila kulipa. Haikuchorwa kwa pesa nyingi. Namna ilivyofika hapo ni historia yenye kupita Kenya, Kanada, Alaska, Uingereza, Haiti na Lubumbashi.

Kwa miaka mingi ramani za Congo zilikuwa kitu cha wakubwa. Wabelgiji walikuwa na taasisi yao ya jiografia. Baada ya uhuru ikawa Institut Géographique du Congo, ikarithi makaratasi mengi na pesa kidogo. Makaratasi yale yalionyesha milima, mito, misioni, barabara za magari na mashamba ya wazungu. Kartie ambazo watu walijijengea wenyewe pembeni ya miji hazikuwamo, maana zilikuwa bado hazijazaliwa. Hesabu ya mwisho ya watu wote wa nchi ilifanywa 1984. Tangu hapo vita imehamisha watu mara nyingi kuliko kalamu ya karani inavyoweza kufuata.

Ule unaoitwa mfumo wa taarifa za kijiografia, yaani ramani iliyo ndani ya kompyuta, ulizaliwa kwa sababu ya ukosefu wa pesa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Roger Tomlinson, mtu wa ramani aliyefanya kazi na kampuni moja ya Kanada, alipewa kazi ya kutafuta mahali pazuri pa kupanda miti huko Kenya. Ilibidi kuweka ramani juu ya ramani: ya udongo, ya miteremko, ya mvua, ya barabara, kisha kuangalia ni wapi yote yanakubaliana. Walipopiga hesabu ya kufanya hayo kwa mikono, gharama ilipita mfuko wa mradi. Kazi ikaachwa. Tomlinson akabaki na wazo kwamba kompyuta ingeweza kulinganisha ramani hizo yenyewe, na baadaye serikali ya Kanada ikamwachia alifanye kwa kuorodhesha ardhi ya nchi yake.

Wazo lenyewe si gumu. Mama anayeweka sahani ya kioo juu ya nyingine anaona za chini kupitia ya juu. Tabaka moja ni nyumba, la pili ni robine za maji, la tatu ni wagonjwa wa kolera. Ukiyaweka pamoja unaona kama wagonjwa wanazunguka robine moja. Tofauti na karatasi ni kwamba kila alama inabeba maandishi yake: jina, tarehe, nani aliileta.

Lakini kompyuta za wakati ule zilijaza chumba, na baadaye, kompyuta zilipopungua, programu zenyewe zikawa ghali. Shirika dogo la Bunia au Uvira lisingeweza kununua. Njia ya wasio na pesa ilianzia mahali pasipotarajiwa: jeshi la Marekani. Mwaka 1982 maabara yake ya ujenzi huko Illinois ilianza kutengeneza programu ya ramani iliyoitwa GRASS. Jeshi lilipoiacha, watu wa vyuo vikuu waliichukua, na mwaka 1999 ikawekwa chini ya leseni inayomruhusu yeyote kuitumia, kuinakili na kuibadilisha.

Mwanzoni mwa 2002 mambo mawili yalitokea bila uhusiano wowote kati yao. Tarehe 17 mwezi wa kwanza Nyiragongo ilipasuka, moto ukapita katikati ya mji wa Goma hadi ziwani, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege, na mamia ya maelfu ya watu wakakimbilia Rwanda. Mwezi uliofuata, huko Alaska, Gary Sherman alianza kuandika programu ndogo ya kumwezesha kuangalia data za ramani kwenye kompyuta yake. Aliiita Quantum GIS. Leo inaitwa QGIS. Haiuzwi. Leo mtu akifungua kompyuta ya mitumba katika ofisi ya shirika la raia na kukuta ramani ya kartie ndani yake, mara nyingi ni QGIS anayoiona.

Programu bila data ni chungu bila unga. Hapo tena milango miwili ilifunguka. Ya kwanza ni GPS, ile mitambo ya angani inayoonyesha mtu alipo. Hadi mwaka 2000 Marekani iliharibu makusudi alama zilizopokelewa na raia, hivyo kifaa kingeweza kukosea kwa mita kama 100, na katika kartie za Goma mita 100 ni nyumba nyingi sana. Mwezi wa tano 2000 uharibifu huo ulizimwa, kosa likashuka hadi mita chache. Mlango wa pili ulifunguka London mwaka 2004. Huko Uingereza ramani nzuri zilitengenezwa kwa pesa ya kodi, kisha raia akauziwa tena. Steve Coast alichoka na jambo hilo akaanzisha OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo kila mtu anaweza kuichora na kila mtu anaweza kuichukua. Mwaka 2010 kampuni ya Microsoft iliruhusu wachoraji wake kufuatisha picha zake za satelaiti. Tangu hapo paa la bati linaloonekana kutoka angani liliweza kuingizwa kwenye ramani na mtu aliyeketi popote.

Mwaka huohuo, tarehe 12 mwezi wa kwanza, tetemeko lilibomoa Port-au-Prince. Mamia ya watu ambao hawajawahi kukanyaga Haiti walichora barabara zake usiku na mchana, na waokoaji wakazitumia. Kutokana na kazi hiyo lilizaliwa shirika la Humanitarian OpenStreetMap Team. Mwaka 2014, Ebola ilipoingia Guéckédou nchini Guinea, mji ule ulichorwa kwa namna hiyohiyo.

Kwa Wakongomani, hata hivyo, mwaka 2014 ni wa Lubumbashi. Médecins Sans Frontières ilikuwa ikipambana na kolera. Mgonjwa akifika, anaulizwa anakaa wapi, anataja kartie, labda avenyu, labda duka la mtu fulani. Muuguzi anaandika. Lakini jina bila ramani halisemi kitu: wagonjwa watatu wa majina matatu tofauti ya mahali wanaweza kuwa wanachota kisima kimoja. Wachoraji wa mbali walifuatisha nyumba na barabara kutoka kwenye picha za satelaiti. Kisha ramani ikachapwa kwa vipande, na vijana wa mji, wakiwemo wanafunzi wa chuo kikuu, wakatembea nayo mkononi, wakiandika kwa kalamu kile ambacho satelaiti haiwezi kuona: majina. Mwishoni mwa mwaka mashirika manne, miongoni mwao Misalaba Mwekundu ya Uingereza na ya Marekani, yalizindua mradi wa Missing Maps, na Lubumbashi ilikuwa kati ya mahali pa kwanza pa kuujaribia.

Hapa pastahili kusimama kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wanapokosea kuhusu bei. Kuchora paa 10,000 kutoka Ulaya ni kazi ya jioni chache. Kujua kwamba barabara hii wenyeji wanaiita kwa jina la mzee aliyekufa zamani, ingawa kibao cha meri kinasema jina lingine, kunahitaji miguu, jua, na chefu wa avenyu aliyekubali kuongea. Sehemu hiyo haina programu ya bure. Ndiyo maana mradi usioweka pesa ya maji, ya usafiri na ya chakula cha vijana wanaotembea hukwama, hata kama kompyuta zake ni mpya.

Gharama ya kukosa majina ilionekana mwezi wa tano 2018, Ebola ilipotangazwa Bikoro, mkoa wa Équateur. Ramani kadhaa zilizozunguka dunia nzima ziliweka wagonjwa mahali pasipo. Mipaka ya zoni za afya ilitofautiana kati ya faili na faili, na kijiji kimoja kiliandikwa kwa namna tatu. Watu waliokuwa wakijua ukweli walikuwa kwenye zoni zenyewe, wauguzi wakuu na wasimamizi wa chanjo, wenye michoro ya mkono ukutani. Ilibidi kwenda kuwauliza.

Wanaoanza na mfuko mdogo leo, kwa kawaida, huanza na vitu vichache: kompyuta moja ya mitumba yenye QGIS, telefone mbili au tatu, karatasi, kalamu, na namna ya kuchaji. GPS ya telefone haihitaji unite wala mtandao. Inapokea alama kutoka angani moja kwa moja. Data za OpenStreetMap za Congo hupakuliwa mara moja mahali penye mtandao mzuri, kisha kazi inaendelea bila mtandao. Makaratasi ya Field Papers yana alama ya mraba kwenye kona, ili karatasi iliyoandikwa ikipigwa picha, kompyuta itambue ni kipande gani cha mji.

Makosa nayo yanajulikana. Goma iko karibu na nyuzi 1.68 kusini mwa ikweta na 29.22 mashariki. Kusini huandikwa kwa alama ya kutoa. Karani akisahau alama hiyo moja, Goma nzima inahamia kwenye msitu wa Ituri, upande wa Mambasa. Akigeuza namba mbili zile, ya kwanza ikawa ya pili, mji unaangukia jangwa la Algeria. Aina ya zamani ya faili, ile ya shapefile, haikubali jina la safu kuzidi herufi 10, basi "jina_la_kartie" linakatwa na mtu wa mwaka kesho hajui lilimaanisha nini. Tena faili hiyo ni mafaili kadhaa yanayotembea pamoja. Ukituma moja bila mengine, umetuma bure. Na kompyuta ikiibiwa bila nakala kwenye ufunguo wa USB, miezi yote ya kutembea imeenda nayo.

Kuna jambo lingine zito zaidi kwa waliokimbia vita. OpenStreetMap ni wazi kwa kila mtu, na "kila mtu" ni neno pana katika Kivu. Robine, shule, kituo cha afya: hayo yanasaidia yakijulikana. Nyumba wanamojificha wanawake waliobakwa, au mahali analala shahidi, havistahili kuchorwa hapo kabisa. QGIS inaruhusu kuweka tabaka kama hilo kwenye kompyuta moja tu, lisilopakiwa popote. Swali la nani ana kompyuta hiyo na nani anajua neno lake la siri lapaswa kujibiwa kabla ya kijana wa kwanza kutoka na karatasi. Vilevile ramani ya shamba iliyochukuliwa kwa telefone si hati ya ardhi. Familia inayorudi kijijini inaweza kuionyesha kwa chefu kama kumbukumbu ya mahali ilipolima, lakini haimwondoi aliyekwisha kujenga.

Mwanzoni mwa 2025, baada ya M23 kuingia Goma, kambi kubwa zilizouzunguka mji zilivunjwa na watu wakaambiwa warudi walikotoka. Kanyaruchinya, Bulengo na nyingine zilikuwa na njia zake, vyoo vyake, mahali pake pa maji. Ramani haijui kwamba watu wameondoka mpaka mtu aiambie. Mchoraji anaweza kuzifuta leo kwa telefone yake, dakika chache tu. Lakini OpenStreetMap huhifadhi kila toleo pamoja na tarehe yake, kwa hiyo kambi iliyochorwa inaweza kutafutwa tena hata baada ya kufutwa, na familia iliyopewa kibanda humo ikaonyesha mahali kilipokuwa.