Alama ya Maji: Kutoka Noti Hadi Picha za Doldol

Leo naacha kidogo mambo ya kuandika programu, tuangalie historia. Swali ninaloulizwa sana ni hili: nikiweka alama ya maji kwenye picha zangu za intaneti, je, haziwezi kuibwa?

Chukua noti ya Kenya, iinue kwenye mwanga. Utaona kichwa cha simba. Hiyo ndiyo alama ya maji. Ufundi wake ulianzia Fabriano, Italia, mwishoni mwa karne ya 13. Fundi alikunja waya akaushikiza kwenye chujio la kutengenezea karatasi. Palipo na waya, karatasi ilitoka nyembamba na mwanga ukapita. Alama hiyo haikumzuia mwizi. Ilisema tu karatasi imetoka kwa nani.

Kompyuta zikarithi wazo hilo. Mwaka 1996, Photoshop 4.0 ilitoka ikiwa na programu ya Digimarc ya kuficha alama ndani ya picha. Njia rahisi kabisa ya kuficha ni hii: kila nukta ya picha ni namba 3 (nyekundu, kijani, bluu), kila moja kati ya 0 na 255. Ukigeuza 200 iwe 201, jicho halioni, lakini kompyuta inasoma. Geuza nukta nyingi kwa mpangilio, tayari umeandika jina lako. Ubaya ni kwamba ukihifadhi picha upya kwa JPEG, tofauti ndogo kama hizo hupotea, kwa hiyo wataalamu wakabuni njia ngumu zaidi.

Hazikudumu. Mwaka 1997, Fabien Petitcolas na Markus Kuhn wa Cambridge walitoa StirMark, programu inayopinda picha kidogo tu, na visomaji vya alama vikapotea njia. Mwaka 2017 watafiti wa Google wakaonyesha kwamba alama ya kuonekana ikirudiwa ileile kwenye picha nyingi, kompyuta huilinganisha, huijua, kisha huifuta.

Sasa njooni Laikipia Kaskazini, kule Doldol. Mgeni akimpiga morani picha, Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 kwa kawaida humpa haki mpigaji picha. Alama itabeba jina la mgeni, hata iwe imara namna gani. Kwa hiyo mimi naona swali la kwanza si alama ina nguvu kiasi gani, bali imeandikwa jina la nani.

Wamaasai wa Il Ngwesi, Laikipia hiyohiyo, walilijibu kwa vitendo. Mwaka 2008, kupitia mpango wa Shirika la Miliki Bunifu Duniani (WIPO), watu 2 wa jamii hiyo pamoja na mtaalamu wa Makavazi ya Kitaifa walikwenda Marekani, kwenye Maktaba ya Bunge na Chuo Kikuu cha Duke, kujifunza kurekodi na kuhifadhi utamaduni wao kidijitali na kusimamia haki zake. Mwaka 2009 jamii ikapata vifaa vyake. Anayeshika kamera ndiye anayeandika jina! Baadaye, sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi ikataka idhini ya jamii kabla ya mtu kutumia sanaa na maarifa yake.

Basi ufanye nini wewe?

1. Hifadhi picha ya asili, kubwa, nyumbani. Huo ndio ushahidi wako. Mtandaoni weka ndogo.
2. Alama ipite juu ya kitu muhimu. Ya pembeni hukatwa kwa sekunde.
3. Usiiweke mahali palepale kila mara.
4. Ukipigwa picha wewe, kubalianeni matumizi kwa maandishi kabla kamera haijafunguliwa.

Alama haimfungi mwizi mikono. Humtaja mwenye mali, basi hakikisha aliyetajwa ndiye.