Naitrojeni na uwezo wa mimea kustahimili metali nzito

MKULIMA anayenyunyizia sukuma wiki maji ya mto unaopokea majitaka ya jiji huridhika aonapo majani yamenawiri. Hata hivyo, kunawiri huko si ithibati kwamba mboga hiyo ni salama.

Kadimiamu, risasi na zebaki hazina manufaa yoyote kwa mboga hiyo. Zinapoingia, hudumaza mizizi, hupunguza klorofili inayoipa majani rangi ya kijani na kusababisha kemikali zinazoharibu seli. Hapo ndipo naitrojeni huwa ngao. Kwa kuitumia, pamoja na salfa, mmea huunda glutathayoni, ambayo hujengwa kwa asidi amino tatu. Kutokana na glutathayoni hupatikana faitokelatini, minyororo mifupi ambayo watafiti wa Ujerumani waliieleza mwaka 1985. Minyororo hiyo huinasa kadimiamu na kuiweka katika vakuoli, kifuko kilichomo ndani ya seli, mbali na shughuli muhimu za mmea. Mmea uliopungukiwa na naitrojeni hukosa malighafi ya kazi hiyo.

Lakini aina ya naitrojeni ni muhimu sawa na kiasi chake. Mizizi ikifyonza amonia hutoa haidrojeni inayoongeza asidi udongoni, na metali zilizokuwa zimeshikamana na udongo huachiliwa zikayeyuka majini. Ikifyonza nitrati, asidi iliyo karibu nayo hupungua. Ndiposa mbolea ya DAP, ambayo wakulima wengi nchini hupandia mahindi, huongeza asidi ikitumiwa mfululizo kwa miaka mingi, kama ilivyo urea. CAN, ambayo naitrojeni yake ni nusu nitrati na nusu amonia, haina makali hayo. Isitoshe, mbolea za fosfeti, DAP ikiwemo, huwa na kiasi fulani cha kadimiamu kinachotokana na miamba inakochimbwa fosfeti. Umoja wa Ulaya ulianza kutekeleza kikomo chake kuhusu jambo hilo mwaka 2022.

Kanuni hiyo ya nitrati haishiki kila mahali. Noccaea caerulescens, mmea mdogo wa Ulaya unaosifika kwa kulimbikiza metali, hufyonza kadimiamu zaidi ukilishwa nitrati kuliko ukilishwa amonia. Kwa wanaotaka kusafisha udongo kwa kutumia mimea, hiyo ni habari njema. Kwa mlaji wa mboga, mmea unaostahimili sumu kwa kuihifadhi ndio wa kuogopwa zaidi, kwani haunyauki wala kugeuka manjano.

Tishio hilo si la kubuni. Mwaka 2007, ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP) kuhusu jaa la Dandora, Nairobi, ilieleza kuwa takribani nusu ya watoto waliopimwa walikuwa na risasi damuni kupita kiwango kilichokubalika kimataifa wakati huo. Katika mboga, risasi nyingi husalia mizizini, na ile ya majani mara nyingi ni vumbi ambalo maji safi huweza kulipunguza. Kadimiamu hupanda hadi ndani ya jani, na haitoki kwa kuoshwa.