Mgeni wa Kumi na Tatu

Kwetu mgeni hahesabiwi. Akitokea mtu mmoja zaidi saa ya chakula, maji huongezwa kwenye mchuzi na watu husogeleana mkekani. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji anayesimama mlangoni na kuhesabu vichwa ataitwa bahili, na habari zake zitafika mtaa wa pili kabla chakula hakijapoa.

Kwenye mito na mifereji ya Uingereza wapo wenyeji ambao kazi yao ya kwanza ni hiyohiyo ya kuhesabu vichwa. Ni watu wa kujitolea, wengi wao wastaafu, wanaoendesha boti za matembezi za vyama vya hisani. Hawalipwi. Wanapokea watoto wa shule, wazee, watu wanaotumia viti vya magurudumu, na familia zinazotaka kuona bata na kunywa chai. Boti zao nyingi ndogo hubeba abiria 12 tu, kwa sababu hapo ndipo sheria ya Uingereza ilipochora mstari: chombo kinachobeba abiria zaidi ya 12 ni meli ya abiria, nacho lazima kikaguliwe na kupewa cheti kama meli ya abiria. Akija wa 13, hata awe mtoto wa miaka mitatu, mwenyeji atamwambia hapana. Chai ipo, nafasi inaonekana ipo, na mtoto analia. Bado ni hapana.

Ukarimu huo wenye mpaka una historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo iko makaburini.

Tuanze na hizo boti. Mifereji ya Uingereza ilichimbwa hasa katika karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19 ili kusafirisha makaa ya mawe, udongo wa vyungu na nafaka. Reli zikaja zikaichukua mizigo hiyo, na kufikia Vita vya Pili vya Dunia mifereji mingi ilikuwa imejaa tope na magugu. Mwaka 1946 waandishi wawili, Tom Rolt na Robert Aickman, walikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha kuitetea, Inland Waterways Association. Miaka iliyofuata, watu wa kawaida walianza kuchimba tope siku za mapumziko. Mfereji wa kusini wa Stratford ulifunguliwa tena mwaka 1964 baada ya kazi iliyofanywa na watu wa kujitolea, wanajeshi na wafungwa. Sehemu ya juu ya mto Avon, unaopita mjini kwa Shakespeare, ilifunguliwa mwaka 1974. Mfereji wa Kennet na Avon, unaounganisha Reading na Bristol, ulifunguliwa rasmi na Malkia Elizabeth mwaka 1990.

Njia ya maji isiyopitiwa hurudi kuwa bwawa. Waliochimba tope walihitaji boti za kupita, na walihitaji fedha za kuendelea kuchimba. Wakanunua boti, wakaweka viti, wakakaribisha wageni. Kwa njia hiyo watu waliozoea sepetu walijikuta ni manahodha, na roho za watu zikawa mikononi mwao. Wakati huo mito ilikuwa imeshawafundisha wengine somo ambalo wao walitakiwa kulijua kabla ya kufungua kamba ya kwanza.

Jioni ya tarehe 3 Septemba 1878, meli ya magurudumu iitwayo Princess Alice ilikuwa ikirudi London kupitia mto Thames. Ndani yake mlikuwa na familia zilizotoka kutembea Gravesend na Sheerness, watu wa kazi za kawaida waliolipa fedha kidogo kwa siku moja ya hewa safi. Muda mfupi kabla ya saa 2 usiku, karibu na Woolwich, iligongwa na Bywell Castle, meli kubwa ya kubeba makaa ya mawe. Ilikatika na kuzama kwa takriban dakika nne. Saa moja hivi kabla ya hapo, maji machafu ya jiji zima yalikuwa yamefunguliwa kuingia mtoni mahali hapohapo. Princess Alice ilikuwa na leseni ya kubeba watu 936. Ilikuwa na mashua mbili za uokoaji na maboya 12.

Walikufa wangapi? Kwa kawaida hutajwa watu 600 hadi 700. Hakukuwa na orodha ya abiria, na watu walikuwa wamepanda na kushuka kwenye gati mbalimbali siku nzima. Miili iliyookotwa ilihesabiwa, lakini hakuna aliyeweza kusema ni mingapi iliyobaki mtoni. Watu 120 hivi walizikwa Woolwich bila kutambuliwa. Baadaye wananchi walichanga fedha za kujenga msalaba wa kumbukumbu, kila mmoja akitoa senti chache, na inajulikana kwamba waliochanga walikuwa zaidi ya 23,000. Waliotoa senti walihesabiwa vizuri kuliko waliotoa roho.

Miaka 26 baadaye ikawa zamu ya New York. Tarehe 15 Juni 1904, kanisa la Kilutheri la Mtakatifu Marko lilikodi meli ya General Slocum kwa matembezi ya kila mwaka ya shule ya Jumapili. Walioandaa safari hawakuwa mabaharia, walikuwa waumini. Walifanya kazi yote ambayo mwenyeji mwema hufanya: walikusanya fedha, walipanga chakula, waliwavalisha watoto nguo nzuri. Karibu watu 1,350 walipanda, wengi wao wanawake na watoto. Moto ulizuka meli ikiwa kwenye East River. Mipira ya kuzimia moto ilikuwa imeoza, ikapasuka maji yalipofunguliwa. Jaketi okozi zilikuwa za miaka 13, na magome ya ndani yaliyopaswa kuelea yalikuwa yamegeuka vumbi. Akina mama waliwavalisha watoto wao, wakawatupa majini, wakawaona wakizama. Mabaharia hawakuwa wamewahi kufanya zoezi la moto. Walikufa watu 1,021. Mkaguzi wa serikali alikuwa ameipitisha meli hiyo mwezi uliotangulia.

Nahodha alifungwa. Lakini ndani ya mkasa ule kuna swali linalomhusu kila anayewaandalia wengine safari: mwenyeji ni nani? Kanisa lilidhani usalama ni kazi ya kampuni ya meli. Kampuni ilikuwa na cheti cha mkaguzi cha kuonyesha. Mkaguzi alitazama jaketi zikiwa zimepangwa vizuri darini. Kati ya wote hao, hakuna aliyeshusha hata moja na kuitia majini aone kama inaelea. Kila mmoja alikuwa na mtu mwingine wa kumwamini.

Basi, je, kuhesabu watu na kujaza vifaa kunatosha? Chicago ilijibu tarehe 24 Julai 1915. Wafanyakazi wa kampuni ya Western Electric na familia zao walikuwa wakipanda meli ya Eastland kwenda pikiniki. Safari hii watu walihesabiwa, mmoja mmoja, langoni, mpaka kikomo cha 2,500 kilipofikiwa. Mashua za uokoaji nazo zilikuwepo, na zilikuwa zimeongezwa, kwa kuwa baada ya Titanic kuzama mwaka 1912 dunia nzima ilidai mashua zaidi. Uzito huo uliwekwa juu ya meli ambayo tayari ilijulikana kwa kuyumba. Eastland ililala ubavu ikiwa bado imefungwa kwenye gati, hatua chache kutoka barabarani. Walikufa watu 844.

Somo la Chicago ni gumu zaidi kuliko yale mawili ya kwanza. Idadi halali ya watu bado inaweza kupindua chombo kama kiini chake cha uzito kiko juu mno, au kama wote watakimbilia upande mmoja kutazama kitu. Ndiyo maana kwenye boti za kujitolea utasikia mwenyeji akiwaomba wageni wakae kwanza, kisha akiwagawa: wawili huku, wawili kule, kiti cha magurudumu katikati na kimefungwa breki. Mgeni anaweza kudhani anapangiwa viti kwa adabu tu. Kumbe mwenyeji anapima mizani.

Halafu watu husahau. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Agosti 1989, mto Thames uleule, katikati ya London, ulikuwa na boti ya starehe iitwayo Marchioness, iliyojengwa mwaka 1923. Ndani kulikuwa na sherehe ya siku ya kuzaliwa, na wageni wengi walikuwa vijana wa miaka ya 20. Saa 7 na dakika 46 usiku, karibu na daraja la reli la Cannon Street, iligongwa kutoka nyuma na Bowbelle, meli ya kuchota mchanga. Iliingia majini kwa muda usiozidi dakika moja. Kati ya watu 130 hivi waliokuwemo, 51 walikufa. Nasema "hivi" kwa sababu ileile ya mwaka 1878: hakukuwa na orodha kamili ya waliopanda. Miaka 111 ilikuwa imepita.

Familia za waliokufa zilidai uchunguzi wa wazi kwa zaidi ya miaka 10, mpaka Jaji Clarke alipopewa kazi hiyo. Ripoti yake ya mwaka 2001 ililaumu jambo la kawaida kabisa: vyombo vyote viwili havikuwa na mtu aliyekuwa akitazama ipasavyo. Bowbelle haikuona mbele, Marchioness haikutazama nyuma. Mwaka 2002, shirika la uokoaji la RNLI, ambalo tangu mwaka 1824 lilikuwa likituma watu wa kujitolea kwenye dhoruba za baharini, lilifungua vituo vinne kwenye mto Thames. Kituo cha Teddington kinaendeshwa na watu wa kujitolea. Watu wanaoishi kando ya mto, wakisikia mlio wa simu, huacha sahani mezani na kukimbia kwenye mashua.

Lakini hata maji tulivu ya mfereji hayana huruma. Ili kupanda au kushuka kilima, boti huingia kwenye chumba cha mawe chenye milango mikubwa mbele na nyuma, na maji hujazwa au kutolewa boti ikiwa ndani. Wakati wa kushuka, kuna kingo ya jiwe iliyofichika chini ya maji upande wa nyuma. Tezi ya boti ikikaa juu ya kingo hiyo maji yakiwa yanashuka, boti huning'inia, omo huinama, na maji huingia. Mwaka 1998, boti iitwayo Drum Major ilizama ndani ya chumba cha aina hiyo huko Gargrave, kaskazini mwa Uingereza, na watu wanne walikufa. Hapakuwa na dhoruba, wala giza, wala mawimbi. Ndiyo sababu wenyeji waliofunzwa humweka mtu mmoja kwenye milango ya maji asiyefanya lolote ila kumtazama nahodha, tayari kufunga maji nahodha akiinua mkono. Mgeni anayetaka kusaidia hukaribishwa, lakini amri inabaki ya mmoja. Wahenga walikwisha kusema manahodha wengi chombo huenda mrama.

Kujitolea kuna hatari yake ya pekee, nayo ni haya. Mtu anayefanya kazi bure huona haya kumkatalia mgeni. Mgeni anayehudumiwa bure huona haya kuuliza jaketi okozi iko wapi. Wenzako wakijitolea nawe, unaona haya kuwaambia kwamba mzee fulani, mwasisi wa chama, macho yake hayamtoshi tena kushika usukani. Haya hizo tatu zikikutana kwenye boti moja, hakuna anayesema kitu, na safari inaonekana njema mpaka siku ambayo si njema. Kwa hiyo vyama vizuri vimeuhamisha mzigo huo kutoka kwa mtu kwenda kwenye utaratibu. Nahodha hupimwa na kupewa cheti. Idadi imeandikwa ukutani. Maelezo ya usalama hutolewa kabla kamba haijafunguliwa, hata kama wageni wote walikuja wiki iliyopita. Anayekataa mgeni wa 13 anasoma tu kilichoandikwa, kwa hiyo hana sababu ya kuona haya.

Sisi wa Maziwa Makuu hatuhitaji kwenda London kuyajua haya. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha. Wa daraja la tatu hawakuwa nayo. Wanaokadiriwa kufa ni zaidi ya 800, na neno "wanaokadiriwa" linawaangukia hasa wale waliolipa nauli ndogo. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kinakaribia Ukara. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Walikufa zaidi ya 220, maana yake waliokufa peke yao wangejaza kivuko hicho mara mbili.

Waliopanda siku ile hawakuwa wajinga. Ilikuwa siku ya soko, na kila mmoja alimsogelea mwenzake kidogo ili wa nyuma apate pa kusimama. Walifanya kile tulichofundishwa mkekani. Nchi kavu hukubali kusogeleana. Mkeka ukijaa, watu wa pembeni hukaa chini na mchuzi hutosha.

Kwenye maji, mwenyeji husimama gatini, hugusa bega la kila anayeingia, na huhesabu kwa sauti ili mwenzake aliye ndani asikie na ahesabu pia. Namba zao zikitofautiana, wanaanza upya, na hakuna anayefungua kamba. Boti ikirudi, wanahesabu tena wageni wakishuka, mmoja mmoja, mpaka ifike namba ile waliyoondoka nayo.