Kombe Ndani ya Jiwe Ndilo Shahidi wa Bahari

Jirani yangu hapa Ruiru alichimba shimo la taka akaokota kipande cha kombe la baharini. Akaniita, kwa kuwa mimi ni mtu wa Pwani: "Kumbe bahari ilifika mpaka huku?" Nikamuuliza alikitoa ndani ya jiwe au kwenye udongo wa juu. Udongo wa juu, akasema, penye samadi ya kuku. Jibu lilikuwa hapo: kuku wa mayai hulishwa makombe yaliyopondwa ili maganda ya mayai yawe magumu.

Hilo ndilo swali la kwanza. Kombe lililo huru huenda limeletwa na mtu. Lililoshikwa ndani ya mwamba lilizikwa mwamba ulipokuwa ukifanyika. Mawe ya kujengea ya Ndarugo, tunayoyatumia Ruiru na Thika, yametokana na majivu ya volkano. Humo usitafute bahari.

Mombasa ni kinyume. Fort Jesus, iliyojengwa kati ya 1593 na 1596, imesimama juu ya mwamba wa matumbawe, na matumbawe hayo yalikua chini ya maji.

Makombe yenyewe yana mengi ya kueleza. Chaza hung'ang'ania mwamba, wengine hujifukia mchangani, na wa mtoni si wa baharini. Magamba mawili yakikutwa bado yameshikana, aghalabu mnyama alizikwa upesi palepale. Yakiwa yametengana na kulika, yamesukumwa na mawimbi.

Mfano mkubwa uko Tendaguru, karibu na Lindi, ambako Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913. Tabaka moja huko liliitwa kwa jina la kombe, Trigonia smeei. Makombe ya jamii hiyo yamo pia katika miamba ya Kutch, India. Mnyama wa baharini hapiti nchi kavu. Basi miaka milioni 150 hivi iliyopita bahari moja iliziunganisha pwani hizo mbili, zama kabla ya majahazi.

Ukiona kombe ndani ya jiwe, usiling'oe. Lipige picha, andika mahali, uwaarifu Makumbusho ya Taifa. Visukuku vinalindwa na sheria ya mwaka 2006. Likishatolewa bila kumbukumbu ya lilikotoka, huwa kama kile kipande cha jirani yangu: kizuri kukitazama, lakini ushahidi hakina.