Punda akiumwa tumbo: kisu kinaokoa lini?

Mwaka jana jirani yetu kule Igurusi, Mbeya, kapoteza punda wake wa mkokoteni. Asubuhi kagoma kula, jioni kaanguka, kesho yake hayupo. Watu wakasema karogwa. Mimi nikaanza kusoma, na haya ndiyo niliyoyapata.

Farasi na punda hawatapiki. Msuli wa mlango wa mfuko wao wa chakula umekaza mno, kwa hiyo gesi ikijaa haina pa kutokea. Utumbo mwembamba wa farasi peke yake una kama meta 20, unaning'inia, ni rahisi kujisokota. Ukijisokota damu haipiti, utumbo unaoza, mnyama anaweza kufa ndani ya saa chache.

Ila sio kila tumbo ni kisu. Mara nyingi ni gesi tu, au chakula kilichokauka kikakwama. Hapo daktari wa mifugo anapitisha mpira puani hadi tumboni, anamwaga maji, anachoma sindano ya maumivu. Utumbo ukijisokota ndio upasuaji: mnyama anapigwa nusukaputi, analazwa chali, anapasuliwa katikati ya tumbo. Utumbo unanyooshwa, kipande kilichokufa kinakatwa, ncha zinaungwa.

Utauliza, mbona ng'ombe aliyekula mifuko ya Rambo anapasuliwa zizini? Kweli, yeye anachomwa ganzi na kupasuliwa ubavu wa kushoto akiwa amesimama. Punda anataka chumba safi, vifaa na timu nzima. Hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine iko Morogoro: kama kilometa 300 toka Iringa, zaidi ya 600 toka Mbeya. Piga hesabu mwenyewe.

Kwa hiyo silaha yetu ni kuwahi. Farasi akiumwa anagaragara na kugeukia ubavu wake. Punda anaficha maumivu: anainamisha kichwa, anagoma kula, basi. Farasi aliyetulia moyo unapiga mara 28 hadi 44 kwa dakika. Ukizidi 60, muite daktari mbio.

Na kinga ni rahisi: maji safi kila siku, dawa ya minyoo, usimbadilishie chakula ghafla, usimwachie gunia la pumba. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, ila majalalani bado imezagaa. Usimchunge huko.

Punda yule ndiye alikuwa analipa ada za watoto wawili. Mdau, wa kwenu akigoma kula asubuhi, usingoje jioni.