Bonga
Kubonga, katika Kiswahili cha mitaani Kenya, ni kupiga soga. Mwaka 2007 kampuni ya simu ya Safaricom ililichukua neno hilo likawa jina la pointi za wateja wake: tumia shilingi 10, upate pointi moja. Sasa abiria wa Busia, mpakani na Uganda, aliyeishiwa pesa anaweza kumuuliza mwenye pikipiki, “Unachukua bonga?” Mwenye pikipiki akiwa na namba ya malipo ya simu ya Lipa na M-PESA, nauli imelipwa. Kitenzi kimekuwa nomino, tena sarafu! Na ni mpaka huohuo uliotupa bodaboda, enzi za baiskeli. Ukishavuka kuelekea Tororo, bonga inarudi kuwa porojo tu. Watunga kamusi waiingize, kwa herufi ndogo, bila “pointi” nyuma yake.