Mlango wa Mwanga: Historia Fupi ya Elektrodi

Mwaka jana bibi wa mmoja wetu alishika simu mpya, akauliza, "Taa yake iko wapi?" Mjukuu wake anasoma uhandisi hapa Toronto, lakini alikosa maneno ya Kiswahili ya kumjibu. Makala hii ni jibu lililochelewa.

Skrini za simu nyingi za leo hazina taa nyuma yake. Nukta zake zenyewe ndizo zinazowaka. Mwaka 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, wakiwemo Jeremy Burroughes, Donal Bradley na Richard Friend, walionyesha kwamba polima iitwayo PPV hutoa mwanga ikipitishiwa umeme. Waliiweka katikati ya elektrodi mbili, moja ya oksidi ya indiamu na nyingine ya alumini. Iliwaka, lakini hafifu: kwa kila elektroni 2,000 hivi, ilitoka chembe moja tu ya mwanga.

Tatizo halikuwa polima peke yake. Mwanga huzaliwa pale chaji hasi inapokutana na chaji chanya, na kila elektrodi ni mlango wa kuingizia moja kati ya hizo. Mlango wa alumini ulikuwa mzito, elektroni chache ziliingia.

Mwaka 1991 David Braun na Alan Heeger wa Santa Barbara, Marekani, walitumia kalsiamu, ambayo huachia elektroni kwa urahisi, pamoja na polima ya jamii ya PPV. Ufanisi ulifika karibu asilimia 1. Lakini kalsiamu huharibiwa upesi na hewa na unyevu, hivyo kifaa lazima kizibwe vizuri.

Mwaka 2011 ikawa zamu ya Toronto. Michael Helander, Zhibin Wang na Profesa Zheng-Hong Lu, pamoja na wenzao wa chuo kikuu hiki, waligeukia mlango wa pili. Walipaka klorini kidogo sana juu ya oksidi ya indiamu na bati, na chaji chanya zikaingia kwa urahisi. Kifaa chao kilitumia molekuli ndogo badala ya polima, lakini kanuni ni ileile. Kwenye mwangaza wa kandela 10,000 kwa mita ya mraba, ufanisi wake ulikuwa asilimia 50.

Bibi alikua akisomea koroboi. Tulipomweleza haya alisema, "Kumbe ni utambi! Mafuta mazuri hayasaidii kama utambi ni mbovu."

Msomaji mwenye neno zuri zaidi kuliko "elektrodi" atuandikie.